Nilifuta Video ya Mtungi, na Hii Ndiyo Sababu



Wengi mmeniuliza ile video ya mtungi ilienda wapi. Wengine mlidhani akaunti yangu imeingiliwa, na kuna msee mmoja ananiambia ati nimeitoa ndiyo niiuzie kampuni ya maji. Hapana bana. Niliifuta mwenyewe, usiku, nikiwa nimekaa kwa kitanda, na leo nataka niwaambie kwa nini. Ni stori ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Kwa wageni: mimi nina fibromialgia. Kwa lugha rahisi, ni maumivu ya mwili yanayozunguka kila mahali na hayaishi. Yanakuja na uchovu, usingizi ambao ukiamka ni kama hukulala, na kichwa kujaa ukungu hadi unasahau ulikuwa unasema nini. Ilinianza nikiwa na miaka 19. Nilijua jina lake nikiwa na 22. Hiyo miaka mitatu ya katikati nilipimwa damu, nikapimwa tezi ya shingo, nikapimwa baridi yabisi, nikapigwa eksirei ya mgongo. Kila karatasi ilirudi ikisema niko sawa. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha fibro. Vile vipimo vyote ni vya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Lakini wakati huo hakuna aliyenieleza hivyo, kwa hivyo kila nikiambiwa "uko sawa" mimi nilikuwa naskia "unadanganya".

Nawaambia haya ili muelewe kitu kimoja: mimi najua vile kutoaminiwa kunauma. Na bado nikafanya nilichofanya.

Tunaishi ghorofa ya tano, plot haina lifti, na maji yakipotea tunateka kwa tangi la chini. Jumapili moja niliamka nikiwa fiti. Fiti ya kwangu, yaani maumivu yapo lakini yamekaa kona yake. Nikaona hii ndiyo siku ya kutengeneza kitu. Binamu yangu akashika simu, nikajaza mtungi wa lita 20, nikapanda nao ngazi hadi juu, nikauweka chini mlangoni, nikageukia kamera nikicheka. Juu ya video nikaandika: "Nina fibro na nimefikisha lita 20 ghorofa ya tano. Wewe kisingizio chako ni gani?"

Hiyo kitu ilivuma kuliko chochote nimewahi kuweka. Watu wakanipigia makofi. Kuna walioniita simba jike. Nilijiskia poa sana, sitadanganya. Ukishaitwa mvivu miaka mitatu, mtu akikuita simba unakubali haraka.

Kile hamkuona ni Jumatatu na Jumanne. Jumatatu sikuweza kuinua mikono kuchana nywele. Binamu ndiye alinifungulia kifuniko cha chupa ya dawa. Jumanne nilienda msalani nikishikilia ukuta. Sikurekodi. Nani anataka kuona mtu amelala?

Miezi miwili baadaye nikapata ujumbe, saa nane usiku. Sitataja jina la aliyeutuma wala mji wake, na vitu vidogo nimebadilisha ili asijulikane. Ni msichana wa miaka 20, yuko chuo cha ufundi, anasomea ushonaji. Kwa ruhusa yake, aliandika hivi:

"Dada, mimi pia nina fibro. Mamangu alitumiwa video yako kwa kikundi cha kanisa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananionyesha. Ananiuliza, mwenzako anabeba mtungi, wewe unashindwaje na ndoo? Wiki mbili zilizopita nikaamua kubeba. Nilibeba mitungi minne. Nimelala siku tisa na mtihani wa mwisho wa muhula umenipita. Sijakuja kukutusi. Nataka tu unieleze wewe hufanyaje, ndiyo na mimi niweze."

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho mara nyingi. Na nitawaambia wazo langu la kwanza lilikuwa gani, hata kama linaniaibisha. Niliwaza: labda hajikazi. Labda yake hata si fibro.

Mimi! Mtu aliyelia ndani ya matatu akitoka hospitali kwa sababu daktari alimwangalia kwa jicho hilo hilo.

Tulikua tukiambiwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimekuwa nikiwatupia hiyo methali watu wasio na fibro, kila mara. Sikuwahi kufikiria kwamba inanihusu pia. Nilidhani kwa kuwa ugonjwa wetu una jina moja, basi kitanda ni kimoja.

Si kimoja. Na hii si mambo ya hisia, iko hata kwa fomu ya daktari.

Zamani, kuanzia 1990, madaktari walikuwa na njia ya kubonyeza sehemu 18 za mwili, na ukiumia kwenye 11 au zaidi unahesabiwa una fibro. Mwaka wa 2010 madaktari wa maungo wa Marekani wakaleta njia nyingine isiyotegemea kubonyeza, na ikarekebishwa 2016. Inahesabu vitu viwili. Cha kwanza, ni sehemu ngapi za mwili zimekuuma wiki iliyopita, kati ya 19. Cha pili, alama kuanzia 0 hadi 12 za vile uchovu, usingizi usiopumzisha, ukungu wa kichwa na dalili kama kuumwa kichwa na tumbo zinavyokusumbua. Sasa skia vizuri. Unaweza kuingia na sehemu 7 au zaidi na alama 5 au zaidi. Lakini pia unaweza kuingia na sehemu 4 hadi 6 tu, ikiwa alama zako ni 9 au zaidi. Na iwe imedumu angalau miezi 3.

Yaani kuna milango miwili. Wale walioandika hiyo fomu walijua kwamba watu hawaji wakifanana.

Nilimwomba anitumie picha ya fomu yake, na mimi nikatafuta yangu ya zamani. Mimi nilikuwa na sehemu 13 zinazouma na alama 6. Yeye alikuwa na sehemu 6 na alama 11.

Ukihesabu mahali panapouma pekee, mimi ndiye mgonjwa zaidi. Mabega, shingo, mapaja, nyonga, hadi taya. Lakini mimi hulala masaa sita yenye maana, na kichwa changu kikiwa kibaya nasahau tu mahali nimeweka funguo. Huyu msichana mwili wake hauumi mahali pengi, lakini anaamka akiwa ameisha. Ananiambia kuna siku amekaa mbele ya cherehani na hakumbuki uzi unapita wapi, kitu amefanya mara mia. Mwangaza wa duka unamchoma macho. Tumbo linamsumbua hadi anaogopa kupanda matatu ya safari ndefu. Mimi tumbo langu halijawahi kunisumbua. Nilikuwa hata sijui hiyo ni sehemu ya fibro.

Kwa hivyo aliponiuliza "wewe hufanyaje", jibu la ukweli ni kwamba sifanyi chochote asichofanya yeye. Nimebebeshwa mzigo mwingine, basi.

Nilivyoelezwa mimi, tatizo liko kwa neva, uti wa mgongo na ubongo, vile vinavyoshughulikia maumivu. Fikiria redio ya matatu. Kwa mtu wa kawaida inacheza sauti ya kiasi. Kwetu sisi makanga ameongeza sauti na kitufe kimekwama. Kitu kidogo, kama mkoba begani, kinapigwa kama spika ya basi la mashabiki. Lakini kila matatu imekwama mahali pake. Na hata kwa mtu mmoja, kitufe hakikai sehemu moja. Usingizi mbaya, mawazo, kufanya kazi kupita kiasi, kwa wengine baridi, kwa wengine siku za mwezi, vyote vinaweza kukisogeza.

Mfano ambao mnaweza kuujua ni Lady Gaga. Februari 2017 aliimba kwenye Super Bowl, akaruka, akacheza, dunia nzima ikaona. Septemba mwaka huo huo akasema wazi kwamba ana fibro, na hakuweza kufika kwenye tamasha la Rock in Rio kwa sababu ya maumivu. Februari 2018 akakatiza ziara yake ya Ulaya. Ni mwili ule ule. Ukiwa na video ya Super Bowl peke yake mkononi, utaapa huyu mtu hana shida. Upande mwingine kuna Morgan Freeman, yule mwigizaji mzee wa sauti nzito. Mwaka wa 2012 alisema fibro yake inampanda na kushuka mkononi. Ukikusanya wagonjwa wawili hivi ukauliza nani ana fibro ya kweli, utakuwa umeuliza swali la kijinga.

Halafu kuna ile maneno ya namba. Daktari anakuuliza, "Kuanzia sifuri hadi kumi, leo unaumwa kiasi gani?" Siku moja nilisema saba, na nesi akaniangalia juu nilikuwa nachezea simu nikicheka. Lakini ukiishi na maumivu miaka, unajifunza kucheka ukiwa na saba. La sivyo hungecheka kamwe. Na saba yangu inaweza kuwa nne ya mtu mwingine, ama tisa yake. Hakuna mtu anaweza kuingia ndani ya mwili wangu akasome mita. Hiyo namba inasaidia kunilinganisha mimi na mimi: wiki jana saba, wiki hii tano, basi kuna kitu kinafanya kazi. Ukiitumia kulinganisha mimi na jirani, umeiharibu. Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kiliporekebisha maana ya maumivu mwaka wa 2020, kiliandika kwamba maumivu siku zote ni jambo la mtu binafsi, na mtu akisema anaumwa, maneno yake yaheshimiwe.

Matibabu nayo ni hivyo hivyo. Mimi dozi ndogo ya amitriptilini usiku ilinirudishia usingizi. Huyu dadangu aliipewa, ikamkausha mdomo na kumwacha na usingizi hadi saa sita mchana, daktari wake akambadilishia. Mazoezi? Ndiyo, yanasaidia. Katika mwongozo wa Ulaya wa fibro uliotoka 2017, mazoezi ndiyo kitu pekee walichokipendekeza kwa nguvu. Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimewaambia mlale. Lakini mazoezi ni kuanza na kidogo na kuongeza polepole. Kidogo yangu ni kutembea dakika 20. Kidogo yake ilikuwa dakika tano, hadi kwa duka na kurudi. Mitungi minne kwa kuaibishwa haiko kwenye mwongozo wowote.

Video niliifuta usiku ule ule. Lakini mnajua vile mtandao uko. Kufuta kwangu ni kama kufunga geti na ng'ombe washatoka. Mamake alikuwa ameihifadhi kwa simu.

Msichana akaniomba niongee naye. Nikapiga Jumamosi jioni, nimejiandaa kukutana na mama mkali. Haikuwa hivyo. Anauza mitumba, huamka saa kumi alfajiri, magoti yake yamevimba, na amelea watoto watatu peke yake. Aliniita mwanangu tangu mwanzo.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi naumwa. Na sokoni naenda. Nikilala, tunakula nini?"

Sikuwa na jibu la hiyo, na hadi leo sina. Nikamwambia, "Pole sana mama." Halafu nikamweleza habari ya fomu mbili, sehemu 13 na sehemu 6. Nikamwambia kuhusu Jumatatu na Jumanne. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, pole pole:

"Sasa nisaidie. Ulikuwa unanidanganya kwa ile video, ama unanidanganya sasa?"

"Mtungi niliubeba kweli, mama. Ila siku mbili zilizofuata nilizificha."

"Ulizificha kwa nini?"

"Nilitaka watu waone mimi si mvivu."

Akanyamaza. Niliskia kelele za soko nyuma yake, mtu akipigia watu kelele za bei. Halafu akasema, "Kwa hivyo hilo jina ukalivua, ukamvisha wangu."

Watu wangu, nimetusiwa mtandaoni kwa lugha zote. Hakuna tusi lilinifikia kama hiyo sentensi, na mama wa watu hakuwa hata anatusi. Alikuwa anaeleza tu kilichotokea.

Niliomba msamaha. Akasema ameskia. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza.

Sitawauzia mwisho mtamu. Mtihani ulipita, atarudia muhula ujao na kulipia karatasi upya. Hiyo ni pesa ya mitumba, nguo moja moja. Nilijitolea kulipa nusu. Mamake alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akakubali. Nyumbani mambo ni nusu nusu pia. Msichana ananiambia kuna asubuhi mamake anamuuliza, "Leo ni ngapi?" na akisema saba, mama anachukua ndoo mwenyewe. Kuna asubuhi zingine anaichukua huku akinung'unika. Na namwelewa, juu magoti yake pia yana namba na hakuna anayemuuliza.

Hiyo ndiyo kitu inanikeresha zaidi nikiangalia nyuma. Kwenye hiyo nyumba kulikuwa na watu wawili wanaoumwa, na video yangu iliwafanya washindane.

Kwa hivyo msimamo wangu sasa ni huu. Nitaendelea kuongea kuhusu fibro, na siku zangu nzuri nitazionyesha, kwa sababu ni za kweli na nilizingoja sana. Lakini sitaonyesha tena Jumapili bila Jumatatu. Na sitaandika tena neno kisingizio juu ya mwili wa mtu mwingine.

Kama una ndugu, rafiki ama mpenzi mwenye fibro, naomba jambo moja. Acha "mbona fulani anaweza?" Hilo swali halina jibu linaloweza kumsaidia yeyote. Uliza, "Leo uko vipi ukilinganisha na jana?" Hilo anaweza kulijibu. Na akikwambia jana alicheza dansi na leo hawezi kuosha kikombe, zote mbili zinaweza kuwa kweli.

Kama wewe ndiwe mgonjwa, usinitumie mimi kama rula. Usijipime na mimi ukajiona mdogo, na usimpime mwenzako ukamwona mwongo, vile mimi nilifanya saa nane usiku. Na kama hujapimwa, usisome hii ukajipa jina la ugonjwa. Mwone daktari, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanafanana na huu na yana dawa yake.

La mwisho. Najua video ya mtungi bado inazunguka kwa vikundi vya familia na vya kanisa. Kama iko kwa simu yako, ifute. Kama ulimtumia mtu ili ajikaze, mrudie, umwambie mwenye video amesema alilala siku mbili.